Ripita ya VHF pwani ya Tanga: kuitunza na kuitafutia hitilafu

Ripita ni mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena ili ifike mbali; hapa ni ya VHF, yaani masafa ya juu sana. Ikianza kusumbua, mafundi wengi hukimbilia bisibisi na kufungua redio. Kwa ripita zilizo karibu na bahari, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, redio ndiyo iwe ya mwisho kutazamwa. Chumvi huanza kula konekta za nje, ncha za betri, skrubu ya ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) na nyaya zinazoshikilia mlingoti. Redio yenyewe hufikiwa mwishoni, na mara nyingi ikifa huwa imeuawa na kimojawapo cha hivyo. Kwa hiyo kazi ifuate njia hiyo: umeme, kebo, antena, ethi, kisha redio.

Tunazungumzia ripita ya VHF ya wati 25 hadi 50, aina inayotumiwa na boti, mashamba ya mkonge, walinzi na waongoza watalii. Inapokea kwa masafa moja na papo hapo inarusha kwa masafa mengine, na dupleksa ndiyo inayoziwezesha pande hizo mbili kutumia antena moja. Masafa hayo hutolewa kwa leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukikuta mwingiliano, usisogeze masafa kwa hiari yako hata kwa "majaribio tu". Na chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.800, ni ya dharura na kuitana, haiwekwi kwenye ripita ya shughuli za kampuni wala kijiji.

Jua kwanza inapaswa kufika wapi

Nusu ya malalamiko ya "ripita imepungua nguvu" ni jiografia tu. Mawimbi ya VHF hufika karibu na upeo wa macho na kupita kidogo. Hesabu yake ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Fanya hivyo kwa antena zote mbili, kisha jumlisha.

Mlingoti wa mita 36 pale mjini: kipeuo chake ni 6, mara 4.12 ni kilomita 24.7. Mtu mwenye redio ya mkononi kwenye mashua, antena ikiwa mita 2.25 juu ya maji: kipeuo ni 1.5, mara 4.12 ni kilomita 6.2. Jumla ni kilomita 31 hivi. Kwa mlingoti huo, boti iliyo Tongoni au Kigombe itasikika vizuri. Iliyo kisiwa cha Maziwe, kule mbele ya Pangani, haitasikika kwa uhakika, na hakuna kiasi cha wati kitakachobadilisha hilo. Dawa ni kuongeza urefu. Ndiyo maana ripita iliyowekwa kwenye vilima vya Muheza au Usambara kwa wati 25 huishinda ya mjini yenye wati 50. Ila ukiipandisha huko, kumbuka kwamba wakati wa masika barabara nyingi hazipitiki, kwa hiyo betri na sola viwe vya kujitegemea kwelikweli.

Vifaa vya kwenda navyo

Multimita, mita ya wati ya kuunganisha katikati ya kebo, yenye kusoma nguvu inayokwenda na inayorudi, mzigo bandia (kifaa kinachofungwa mahali pa antena kumeza nguvu) wa omu 50 unaobeba angalau wati 50, kebo fupi mbili ambazo una uhakika ni nzima, konekta za akiba za N na PL-259 (aina mbili za vichwa vya kebo ya antena), tepu ya mpira inayojishika yenyewe na tepu nyeusi ya umeme, fyuzi za ukubwa uleule, msasa laini, brashi ya waya, spiriti, mafuta ya mgando, chuma cha kuchomelea cha wati 80 hadi 100, maana kile kidogo cha kutengenezea simu hakiwezi kupasha moto mwili wa PL-259, na redio mbili za mkononi zenye betri zilizojaa. Mzigo bandia ndio watu huuacha nyumbani, na bila huo huwezi kujua kama ugonjwa uko upande wa redio au upande wa antena.

Kadi ya vipimo

Ndani ya mlango wa kabati bandika kadi, andika vipimo siku ambayo kila kitu kinafanya kazi vizuri: volti ya betri ikiwa imepumzika, volti kwenye ncha za redio ikiwa inarusha, ampea ikisikiliza na ikirusha, wati kabla ya dupleksa, wati baada ya dupleksa, wati zinazorudi, na tarehe. Tumia kalamu ya risasi. Wino wa kawaida hufifia kwa joto na unyevu wa kabati. Siku ya hitilafu, namba iliyobadilika ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Umeme

Ripita ya wati 40 hadi 50 hunywa karibu ampea 10 inaporusha na nusu ampea hadi moja inaposikiliza. Fanya hesabu ya siku: saa 3 za kurusha kwa ampea 10 ni ampea-saa 30, saa 21 za kusikiliza kwa ampea 0.6 ni 12.6. Jumla karibu 43. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo inakupa siku moja na kidogo. Kwa siku mbili za mawingu weka 200. Upande wa sola, ongeza theluthi moja kufidia upotevu, gawa kwa saa 4 za jua linaloaminika, unapata ampea 14, yaani paneli za wati 250 hivi.

Hatua za kukagua:

1. Zima chaja au tenganisha sola, acha betri ipumzike saa moja au zaidi, kisha pima. Volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 imekaribia kuisha. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imepumzika na kuporomoka hadi 11 mara tu ripita inaporusha imechoka, usiilaumu chaja.

2. Agiza mtu abonyeze redio ya mkononi ili ripita irushe, wewe pima volti kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za redio. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungo kibovu katikati. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 5 (mita 10 kwenda na kurudi) hupoteza karibu volti 0.7 kwa ampea 10. Weka wa 6 na upotevu unashuka hadi 0.3.

3. Kama waya ni mnene na upotevu bado upo, shika kila kiungo kwa vidole wakati redio inarusha. Kilicho kibovu kina joto. Mara nyingi ni kishikio cha fyuzi: springi yake imelegea au imeota ukoga wa kijani.

4. Safisha ncha za betri kwa magadi yaliyokorogwa kwenye maji, suuza, kausha, piga msasa, funga, *kisha* paka mafuta ya mgando. Ukipaka kabla ya kufunga umeweka kizuizi katikati ya vyuma viwili. Maji ya magadi yasiingie kwenye matundu ya betri.

5. Kagua chaja: kwenye betri iliyojaa isome volti 13.6 hadi 13.8. Ikikaa juu ya 14.4 siku nzima inachemsha betri, na utaona maji yanapungua kila wiki.

Betri ikae kivulini. Ndani ya kabati la chuma linalopigwa na jua la mchana Januari au Februari, betri ya kudumu miaka minne inaweza kwisha kwa miwili. Kabati lipakwe rangi nyeupe, liwe na matundu chini na juu, na kila tundu liwe na wavu mwembamba. Wavu si wa mapambo. Mjusi kafiri hupenda joto la redio, hujipenyeza, na siku anapolala juu ya ncha mbili za umeme, anakufa yeye na fyuzi. Sisimizi nao hujenga ndani ya feni.

Kebo na konekta

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ripita nyingi za pwani hufia polepole bila mtu kujua.

Anza na aina ya kebo. Chukua mita 40 za kebo na wati 50 kutoka kwenye redio, kwa masafa ya megahezi 150 hivi. RG-58, kebo nyembamba, itafikisha juu karibu wati 8. RG-213, iliyo nene zaidi, itafikisha 22. Kebo nene ya nusu inchi yenye ganda la shaba itafikisha 39. Upotevu huohuo unahesabiwa mara ya pili wakati wa kupokea, kwa hiyo RG-58 kwenye mlingoti mrefu inakunyima sauti ya kwenda na ya kurudi. Itumie kwenye gari tu.

Sasa mtego. Kebo iliyoingia maji hupoteza nguvu nyingi, na nguvu inayorudi kutoka kwenye antena nayo hupotea njiani kabla haijafika kwenye mita yako. Matokeo yake mita iliyo chini inaonyesha hali *nzuri kuliko zamani*. Fundi anaona wati 1 tu inarudi, anafurahi, anafungua redio. Kwa hiyo, nguvu inayorudi ikipungua bila wewe kutengeneza kitu, shuku kebo. Kipimo cha kweli ni cha pande zote mbili: wati zinazoingia chini na wati zinazotoka juu, mzigo bandia ukiwa umefungwa mahali pa antena.

Kipimo cha maji kwa multimita:

1. Zima ripita. Fungua kebo chini na juu. Lazima juu pia, kwa sababu antena nyingi huunganisha waya wa kati na mwili wake kwa makusudi, na mita itakuonyesha shoti ambayo si ugonjwa.

2. Weka mita kwenye omu, kipimo kikubwa kabisa. Gusa waya wa kati na wavu wa nje. Isisome kitu. Ikisoma chochote, hata megaomu moja inayopanda na kushuka, kuna maji.

3. Upande wa juu unganisha waya wa kati na wavu kwa kipande cha waya. Chini sasa mita isome chini ya omu 1. Ikisoma zaidi, wavu umeliwa au konekta haijashika.

Kebo yenye wavu wa nyuzi ikishaingia maji haikaushwi. Kata kipande cha sentimita 30 upande ulioingia, chana ganda, tazama wavu. Shaba yenye rangi yake ya kawaida: umewahi, tia konekta mpya. Ikiwa nyeusi au kijani, endelea kukata mpaka ufike kwenye shaba safi. Ukifika mita mbili bado ni nyeusi, badilisha kebo yote. Maji husafiri ndani ya wavu kwa kunyonywa, hata kwenda juu.

PL-259 haina kizuizi cha maji kabisa. Ya N ina pete ya mpira ndani, na hiyo nayo inahitaji kufunikwa. Ukifungua PL-259 iliyokaa misimu miwili juu ya mlingoti wa Raskazone bila kufunikwa vizuri, utaona uzi wa skrubu una unga mweupe, pini ya kati imekuwa ya kijivu, na ukiigonga kwenye kiganja linatoka tone la maji yenye rangi ya chai. Usijaribu kuisafisha. Konekta mpya ni nafuu kuliko kupanda tena.

Namna ya kufunika kiungo:

1. Kausha na futa kwa spiriti, sentimita 10 kila upande wa kiungo. Usifanye kazi hii alfajiri kukiwa na umande, wala wakati upepo wa kusi unarusha chumvi. Mchana mkavu ndio wakati wake.

2. Zungusha tabaka moja la tepu nyeusi ya umeme. Kazi yake ni kukurahisishia kufungua baadaye bila kuchuna mpira kwa kisu.

3. Zungusha tepu ya mpira, ukiivuta mpaka upana wake upungue, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Anza chini, panda juu. Inafuata kanuni ileile ya kuezeka makuti: la juu hulalia la chini, maji yanateremka nje.

4. Funika kwa tepu nyeusi ya umeme, matabaka mawili, na tabaka la mwisho nalo lipande kutoka chini kwenda juu. Hili hukinga mpira dhidi ya jua.

5. Sentimita 5 za mwisho za tepu zilaze bila kuvuta, kata kwa kisu. Ukikata kwa kuvuta na kurarua, ncha hujikunja, na baada ya wiki mbili inapeperuka.

Ukitaka kuongeza silikoni, nusa kwanza. Yenye harufu ya siki ina asidi inayokula shaba; tafuta isiyo na harufu hiyo. Na kabla kebo haijaingia kibandani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu kisha ipande kuingia, ili maji yanayotiririka juu ya ganda yadondoke nje.

Antena, mlingoti na ethi

Kabla ya kupanda, zima ripita na uchomoe fyuzi uiweke mfukoni mwako, asije mwenye haraka akaiwasha ukiwa umeishika antena. Vaa mkanda wa usalama wenye kamba mbili, ili moja iwe imefungwa muda wote. Kijana hodari wa kukwea minazi si lazima awe salama mlingotini. Kutu ndani ya bomba haionekani kwa nje, na ngazi iliyolika huachia bila kutoa mlio. Gonga kila hatua kwa spana kabla ya kuikanyaga.

Juu kagua vitu vitatu: boliti za antena, ufa kwenye ganda la nyuzi za kioo, na tundu dogo la chini la kutolea maji, ambalo nyigu hupenda kuliziba kwa udongo. Antena ya nyuzi za kioo iliyopauka na kuanza kutoa nyuzi zinazowasha mikononi imeliwa na jua. Bado inaweza kutumika ukiipaka rangi isiyo na chembe za chuma.

Boliti zisizoshika kutu zikikutana na alumini, chumvi hufanya alumini iliwe. Paka grisi katikati kabla ya kufunga. Nyaya za kushikilia mlingoti zikaguliwe pale zinapoingia kwenye skrubu za kukazia, karibu na ardhi, maana ndipo hukatika kwanza. Waya uliokatika nyuzi mbili au tatu ubadilishwe mwezi huohuo, usingoje kusi.

Kwa ethi, nondo ya shaba ya mita 1.5 hadi 2.4 iliyopigwa ardhini, ikiunganishwa na mlingoti, kinga ya radi ya kebo, kabati na hasi ya betri, vyote kwenye sehemu *moja*. Ethi mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja: radi ikipiga karibu, volti za ethi hizo hutofautiana, na umeme unapita katikati ya redio yako kutafuta usawa. Lenga ukinzani usiozidi omu 10. Mchanga wa ufukweni ukikauka hupitisha umeme vibaya. Udongo mwekundu wa upande wa Pongwe ni rahisi zaidi. Ukiwa kwenye mchanga au mawe ya matumbawe, piga nondo tatu zenye umbali wa mita 3 na kuziunganisha kwa shaba.

Dupleksa

Usiiguse. Zile fito zenye kokwa juu ni za kurekebisha masafa, na kuzungusha robo tu bila kipimo maalumu kunaiharibu. Unachoruhusiwa ni kukaza konekta, kuhakikisha kebo ya kurushia na ya kupokelea hazijabadilishana, na kupima nguvu: wati 50 zikiingia, 35 hivi zikitoka ni kawaida. Zikitoka 20, imetoka kwenye masafa yake, aghalabu kwa kuangushwa au kusafirishwa bila kufungwa vizuri. Ipeleke kwa mwenye kifaa cha kuipangia.

Dalili na pa kuanzia

*Ripita kimya, hakuna taa.* Fyuzi, kisha volti. Kidhibiti cha sola hukata umeme betri ikishuka karibu na volti 11, na kukirudi jua huwasha chenyewe. Ripita inayozima usiku na kuwaka saa tatu asubuhi haina ugonjwa. Betri imechoka au haitoshi. Fyuzi ikikatika mara ya pili, acha kuweka fyuzi, tafuta shoti.

*Inapokea lakini hairushi tena.* Angalia toni, yaani mlio wa chini ambao redio hutuma pamoja na sauti ili ripita ifunguke. Redio ya mkononi iliyowekwa 88.5 haitafungua ripita ya 100.0, hata ukiwa chini ya mlingoti. Kama ni redio moja tu inayolalamika, kosa ni la redio hiyo. Kama ni zote, angalia kebo ndogo inayounganisha upande wa kupokea na wa kurusha. Soketi yake hulegea.

*Inarusha muda wote bila mtu kuongea.* Chomoa kebo ya antena upande wa *kupokea* tu. Ikinyamaza, kuna wimbi linaingia kutoka nje: redio ya mtu imekaliwa kwenye kiti cha gari, au invata, taa za bei nafuu na chaja zilizo karibu zinapiga kelele. Zima kimoja kimoja. Isiponyamaza, kosa ni la ndani.

*Unaisikia vizuri, yenyewe haikusikii.* Kidogo ni jambo la asili, kwa sababu ripita ina wati 50 na mkono wako una 5. Likiwa limeanza ghafla, pima hivi: tuma mtu aende mbali mpaka sauti yake iwe ya mkwaruzo, tuseme Tongoni. Zima urushaji wa ripita, msikilize kwenye spika ya upande wa kupokea. Kisha washa urushaji. Sauti ikizama ndani ya mkwaruzo mara tu urushaji unapoanza, ripita inajiziba masikio yenyewe. Rudia urushaji ukiwa kwenye mzigo bandia. Tatizo likiisha, kosa liko kuanzia dupleksa kwenda juu: dupleksa, kebo fupi yenye wavu mwepesi, au kutu. Likibaki vilevile hata kwenye mzigo bandia, mawimbi yanavuja kati ya redio zenyewe.

*Mkwaruzo unaokuja na upepo.* Hii ni ya pwani hasa. Vyuma viwili vyenye kutu vikisuguana karibu na antena inayorusha hutengeneza kelele. Kukitulia asubuhi ripita ni safi. Kusi likianza mchana inakwaruza. Tikisa nyaya za mlingoti moja baada ya nyingine huku mwenzako akisikiliza. Ukiipata, safisha kiungo na ukikaze, au tenganisha vyuma hivyo kabisa kwa mpira.

*Sauti inakatika kila sekunde.* Volti inashuka ripita inaporusha, redio inazima, volti inapanda, inawaka tena. Rudi kwenye kipimo cha pili cha umeme.

*Umbali unapungua baada ya dakika kumi za mazungumzo.* Joto. Redio ya gari iliyogeuzwa kuwa ripita haikutengenezwa kurusha mfululizo. Ishushe hadi wati 25. Msikilizaji hatatambua tofauti ya desibeli 3, lakini transista zitaitambua. Weka feni inayopuliza kwenye mapezi ya nyuma, na uipime uelekeo wake kwa kipande cha karatasi.

*Sauti za watu wa mbali.* Katika siku za joto na bahari tulivu, hewa yenye unyevu hulala juu ya maji na kuyabeba mawimbi mbali kuliko hesabu ya upeo. Unaweza kusikia vituo vya Mombasa au Unguja. Hakuna kilichoharibika. Weka toni kwenye upande wa kupokea, na hali ya hewa ikibadilika yataisha yenyewe.

*Baada ya radi.* Usiiwashe kwanza. Tazama kinga ya radi ya kebo; iliyopasuka au yenye doa jeusi itolewe. Pima kebo kwa omu kama ilivyoelezwa, pima fyuzi zote, kagua chaja na kidhibiti cha sola, maana radi huingia kwa nyaya za umeme mara nyingi kama inavyoingia kwa antena. Washa kwa mzigo bandia, soma wati. Zikilingana na kadi, rudisha antena na ufanye jaribio la mtu wa Tongoni. Hata likifaulu, lirudie baada ya wiki moja: transista ya mwanzo ya upande wa kupokea ikijeruhiwa inaweza kuendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa huku usikivu wake ukishuka kidogo kidogo, na kipimo cha wati hakitakuonyesha hilo.